Nilimeza P2 kwa wakati na bado nikabeba mimba

P2 ni vile vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, unavyomeza baada ya tendo, na mimi nimevimeza mara mbili. Nianze na ile ya kwanza kabisa. Aprili 2018, Jumamosi, saa tano usiku, kondomu ilipasuka. Haikuvuka, ilipasuka kabisa, kule juu umebaki mpira kama pete na kule chini hakuna kitu. Nilikuwa na miaka 23, nakaa kwa mama mdogo Tabata, nauza kwenye duka la stesheneri Mwenge, na yule jamaa ambaye leo ni baba wa mwanangu alikaa pembeni ya kitanda ameshika kichwa ananiuliza "sasa tunafanyaje", na mimi nilikuwa nasubiri yeye ndo aniambie.

Nilikimbilia bafuni. Nikakojoa, nikajiosha na maji ya chumvi mpaka nikaanza kuwashwa, nikarukaruka maana nilishasikia ukiruka zinashuka. Nikamtumia rafiki yangu meseji akaniambia kunywa soda nyeusi ya baridi na Panadol mbili, haraka, kabla hujalala. Nikamtuma jamaa soda saa sita kasoro usiku, akazunguka mtaa mzima akapata, nikanywa. Nikalala nimejipa moyo kwamba nimefanya kitu.

Jamani hakuna hata kimoja hapo kinachozuia mimba. Mbegu zikishamwagwa zile zenye nguvu zinapita mlango wa kizazi ndani ya dakika chache tu, maji ya kuogea hayafiki huko, soda inaenda tumboni kwenye chakula na haina njia ya kufika kwenye kizazi, na chumvi inakuunguza ukeni tu. Ninayaandika haya kwa sababu mpaka leo naona watu wanashauriana vitu hivi hivi, limao, majivu, majani ya chai yaliyokolea, vidonge vya kuua bakteria, na kila saa unayokaa unasubiri limao lifanye kazi ni saa ambayo dawa yenyewe ingekuwa inafanya kazi.

Jumapili nzima ikapita. P2 nilikuwa naijua kwa jina, tangu sekondari tulikuwa tunaisikia kwa madada wa vidato vya juu, ila duka la dawa la pale kwetu kona muuzaji yuko jumuiya moja na mama mdogo, na mimi nilikuwa na uhakika nikiingia pale saa nne basi saa sita nyumbani wameshajua. Nikasema ngoja kesho, nitanunua Mwenge ambako hakuna anayenijua. Kesho ikafika, kazini wateja wamejaa, watu wanataka fotokopi za vyeti, bosi yupo, hakuna upenyo, mara jioni hiyo.

Nikaingia duka la dawa saa moja na nusu usiku unaingia. Wanaume wawili wameegemea kaunta. Nikaomba Panadol, nikalipa, nikasogea pembeni nikawa kama naangalia dawa za meno, mmoja akaondoka, mwingine haondoki, nikaona hapa nitalala, nikarudi nikasema taratibu, kaka naomba na P2. Akasema na nini? P2. Akasema aaah P2, ya leo au ya juzi? Kwa sauti ile ile anayotajia bei.

Nikasema ya leo.

Nilimchukia yule kaka kwa lile swali, nilihisi anataka kunidhalilisha mbele ya yule mwanaume. Imenichukua muda kuelewa kwamba lilikuwa swali la msingi kuliko yote, shida ni kwamba alitakiwa anivute pembeni aniulize kwa staha, na mimi nikadanganya kwa sababu ya aibu. Kutoka Jumamosi saa tano usiku mpaka Jumatatu saa moja na nusu jioni ni masaa 44 na nusu. Dawa ile inatakiwa ndani ya masaa 72, na ndani ya hayo 72 ukiwahi zaidi ndo bora zaidi, kwa hiyo mimi kwa aibu tu na kungoja upenyo nilishakula zaidi ya nusu ya muda wangu. Akanifungia kwenye kimfuko cheusi cha nailoni, enzi hizo mifuko ya plastiki bado haijapigwa marufuku, akasema kimoja sasa hivi na kingine baada ya masaa 12, elfu saba.

Kipakiti chenyewe ni kidogo, karatasi la fedha, vidonge viwili vyeupe vidogo kuliko njegere. Nikameza cha kwanza na maji ya kandoro pale pale stendi, nikaweka alamu ya asubuhi, nikameza cha pili kabla ya kupanda daladala. Kichefuchefu kilinishika kuanzia Buguruni mpaka nashuka, kichwa kinauma, matiti yanauma, ila sikutapika. Nilikuja kujua baadaye kwamba ukitapika ndani ya masaa mawili baada ya kumeza inabidi umeze tena dozi nyingine, mimi hakuna aliyeniambia, ningetapika ningeendelea na maisha yangu nikijua nimekingwa. Kingine nilichokuja kujua ni kwamba vile vidonge viwili, vya miligramu 0.75 kila kimoja, unaweza kuvimeza vyote kwa mpigo, na siku hizi Shirika la Afya Duniani ndo linavyoelekeza, na kuna vingine vinakuja kidonge kimoja tu cha miligramu 1.5 ambacho ni dozi nzima. Unameza unamaliza, hakuna habari ya kusahau alamu.

Siku zangu zikachelewa siku tano. Izo siku tano sitaki hata kuzisimulia. Nilipima mkojo mara tatu kwenye choo cha kazini, mstari mmoja, mstari mmoja, mstari mmoja, na siku ya sita asubuhi nikaona damu nikakaa sakafuni nikalia. Sasa hapo ndo somo baya nililojifunza: nikajiaminisha kwamba P2 ni ngao. Kwamba ukimeza basi mwezi huo umeshalipia.

Desemba 2018 tulikuwa tumerudiana baada ya kugombana kidogo, na safari hii hatukuwa hata na kondomu, nisiseme uongo. Ila nilikuwa nimeshakuwa mjanja, asubuhi yake saa mbili nipo duka la dawa, ni kama masaa tisa tu, nikameza vyote, sikutapika, sikuona aibu ya kusema ni ya lini, nimefanya kila kitu sawa. Siku nne mbele tukaonana tena, akaniuliza vipi, nikamwambia usijali mbona nimeshameza. Nakumbuka sentensi ile neno kwa neno. Usijali mbona nimeshameza.

Januari mwishoni mstari wa pili ukatokea, tena haukuwa wa kufifia wa kubishania, ulikuwa mwekundu.

Nilikasirika na dawa. Nilimwambia kila mtu P2 za siku hizi feki, za Kariakoo hizo, wanachapa maboksi. Feki zipo ni kweli, ndo maana unatakiwa ununue duka lililosajiliwa na uangalie tarehe ya kuisha muda na kama kipakiti hakijafunguliwa, ila yangu haikuwa feki. Aliyenifungua macho ni nesi mmoja wa makamo kwenye kliniki ya wajawazito, siku nimeenda kufungua kadi, nikamwambia kwa hasira kabisa kwamba mimi nesi hii mimba ni ya P2 mbovu. Hakunicheka wala hakunifokea. Akaniuliza siku zako za mwisho zilianza lini, ulikutana na mwenzio lini, ulimeza lini, na mkakutana tena lini. Hilo la mwisho likanifanya ninyamaze.

Akageuza karatasi akachora mstari kwa bic. Mwanzoni akaweka kidoti, akasema hapa ulianza kubleed. Hapa siku ya kumi na moja ndo mlikutana mara ya kwanza. Akachora duara dogo siku ya kumi na nne, akasema hili ni yai lako, lilikuwa linajiandaa kutoka hapa. Umemeza P2 hapa, unajua P2 inafanya nini? Nikasema inaua mbegu. Akasema haiui mbegu. Haigusi mbegu. Inalizuia yai lisitoke, inalichelewesha, mbegu zinakaa mle ndani zinasubiri, zina uwezo wa kukaa hai mpaka siku tano, zinachoka zinakufa yai halijatoka. Akalifuta lile duara la siku ya kumi na nne kwa kulikatakata na kalamu, akalichora upya mbele, siku ya kumi na nane, ya kumi na tisa pale. Afu akaweka kidoti kingine kabla yake kidogo akasema na hapa mkakutana tena, bila kinga.

Nilikaa naangalia ile karatasi. Dawa ilifanya kazi yake vizuri kabisa, ililisogeza yai mbele, na mimi nikaenda kukutana nalo huko mbele. Mbegu zilizonipa mimba ni za ile siku ya "nimeshameza".

Na ndo hicho ambacho ningependa kila dada anayesoma hapa akishike hata kama mengine yote atasahau: P2 inaangalia nyuma tu, inahangaika na lile tendo lililokwishapita. Haina msaada kwa tendo la kesho, tena kwa kulichelewesha yai inaweza kukuacha kwenye siku za hatari hapo hapo ulipodhani zimepita. Ukishameza, mpaka uone siku zako ni kondomu kila mara, au uanze njia nyingine ya uzazi wa mpango siku hiyo hiyo na utumie kondomu kwa siku saba za mwanzo. Na kama siku zako zimechelewa zaidi ya wiki moja, au wiki tatu zimepita tangu siku ya tukio na huelewi elewi, pima.

Kwa mchoro ule ule unaelewa pia kwanini wakati mwingine mtu anameza mapema kabisa, hakutani na mtu tena, na bado anabeba. Kama yai lilishaanza kutoka au limeshatoka, P2 haina cha kuzuia. Na unaelewa kwanini haitoi mimba. Hili naomba nilikazie maana mama mdogo alipojua (alikuja kujua yote, mimba haifichiki) kilichomuuma zaidi ilikuwa kwamba "ulikuwa unatoa mimba kwa vidonge". Hapana. Mimba ikishajishika, P2 haiiondoi na wala haimdhuru mtoto, mwanangu huyu hapa nilikuwa nimemeza mwezi ule ule na amezaliwa Septemba 2019 na kilo tatu na gramu mia mbili. Haiharibu kizazi pia. Mwezi unaofuata unaweza kubeba mimba kama kawaida, mimi ni ushahidi, nilibeba ndani ya mwezi ule ule.

Nisikae sana kwenye ujauzito, ulikuwa na mambo yake. Nimejifungua, nimerudi kliniki mtoto ana wiki sita, nimeshaamua nataka njia ya muda mrefu. Wakatuweka kikundi akina mama kama nane kwenye benchi, ile chati ya njia zote imebandikwa ukutani na nyota ya kijani pembeni, nesi anaelezea moja moja, kijiti cha kuweka mkononi, sindano, vidonge, kitanzi cha kuweka kwenye kizazi. Alipofika kwenye kitanzi cha shaba akasema kinakaa mpaka miaka kumi na zaidi, hakina homoni, afu akasema kama anapita tu, "na hiki pia ni njia ya dharura, ukikiweka ndani ya siku tano tangu tendo kinazuia mimba kuliko hata P2".

Nikanyoosha mkono. Nikamwambia nesi rudia.

Akarudia. Ndani ya siku tano, masaa 120, unaenda kituo chenye huduma ya uzazi wa mpango, wanakuangalia, wanakuwekea kitanzi cha shaba, na kinafanya kazi zaidi ya asilimia 99. Ile shaba inaharibu mbegu zisiweze kurutubisha yai, kwa hiyo hakijali kama yai limekaribia kutoka au la, tofauti na P2. Na kikishawekwa ndo umeshapata kinga ya kuendelea, ya kesho na keshokutwa na mwaka kesho. Na kwenye vituo vya serikali uzazi wa mpango ni bure. Mimi nimetoa elfu saba mara mbili na nimezeeka kwa presha, kumbe kilikuwepo kitu cha bure kinachoshinda, na katika watu wote niliowauliza, marafiki, wauza dawa, hakuna hata mmoja aliyekitaja. Siwalaumu sana marafiki, hawakujua. Watu wengi wanajua kitanzi ni cha wamama walioshazaa, wakati hata binti ambaye hajazaa anaweza kuwekewa.

Tangu siku ile nimekuwa yule dada ambaye watu wananitafuta usiku. Nimejifunza mengi kwa maswali yao kuliko kwa yangu.

Kuna binti tulikuwa naye kazini alikuwa kwenye dozi ya TB, mwezi wa tatu, akaniambia ameshameza P2 jana yupo salama. Nilimpeleka mwenyewe kwa nesi kwa sababu lile jina la rifampisini niliwahi kulisikia, na kweli nesi akasema dawa ile ya TB inaimaliza nguvu P2 mwilini, na ndivyo zilivyo baadhi ya dawa za kifafa kama kabamazepini, na efavirenzi waliyokuwa wanatumia watu wengi wa ARV. Mtu wa namna hiyo kitanzi ndo kinamfaa zaidi, na kama hakipatikani mtoa huduma anaweza kumpa dozi ya P2 mara mbili. Kwa hiyo ukienda dukani taja dawa zote unazotumia, usione haya, na kama una mwili mkubwa sema pia, maana kwa watu wenye uzito mkubwa sana P2 inapungua nguvu. Kwa kitanzi uzito hauna neno.

Binamu yangu yuko Leicester, Uingereza, yeye aliniambia kule aliingia famasi siku ya nne akapewa kidonge kingine kabisa, ulipristali, kwa jina la dukani ellaOne, ambacho kinafanya kazi mpaka siku tano na kinaweza kulizuia yai hata likiwa limekaribia kabisa kutoka, pale ambapo P2 imeshashindwa. Nimekiulizia maduka matatu hapa Dar, wote walinipa P2. Ukikipata, ujue tu kwamba hakichanganywi na njia za homoni siku hizo hizo, unasubiri siku tano kwanza ndo uanze vidonge vyako au sindano, vinginevyo zinagombana.

Na kuna jirani yangu, mdada mzuri tu mchapakazi, anameza P2 kila wikiendi mume akirudi kutoka safari za malori. Mara nne kwa mwezi. Watu wanamwambia atakufa, atapata kansa, kizazi kitaoza. Mi sikumtisha, maana hicho sio kweli na ukimtisha mtu kwa uongo siku akigundua hatakusikiliza tena hata kwenye ukweli. Nilimwambia hesabu hela. Elfu saba mara nne mara miezi kumi na mbili. Ni laki tatu na elfu thelathini na sita kwa njia ambayo kwa matumizi ya kila wiki inakinga kidogo kuliko sindano au kijiti vya bure, na inakuvurugia siku zako mpaka hujui lini ni lini. Alienda kuweka kijiti. Aliniletea kanga.

Wanyonyeshaji wananiuliza sana, ndiyo, P2 unaweza kumeza unanyonyesha. Na wengine wananiuliza kuhusu vile vidonge vya kawaida vya uzazi wa mpango, kwamba vikimezwa vingi kwa pamoja navyo ni dharura. Ni kweli ipo njia hiyo, ya zamani, unameza dozi fulani na unarudia baada ya masaa 12, ila inatapisha sana, inakinga kidogo kuliko P2, na idadi inategemea aina ya kidonge, kwa hiyo usijipimie mwenyewe nyumbani kwa kuambiwa, uliza mtoa huduma akuangalizie pakiti yako.

Kitu ambacho kinaniumiza nikikumbuka Aprili ile, na hakuna aliyenikumbusha wala mimi sikufikiria, ni kwamba kondomu ilipasuka na mimi wazo lilikuwa mimba tu. Mimba, mimba, mimba. Sikuwa najua hali ya jamaa, yeye hajui yangu. P2 haizuii Ukimwi, haizuii kaswende wala kisonono, kitanzi hakizuii pia. Ipo dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU ukishakuwa kwenye hatari, PEP, na yenyewe ina masaa 72 yale yale, unawahi uwezavyo, unapimwa kwanza, na unameza siku 28 bila kuruka. Kwa hiyo siku ya namna hiyo una mambo mawili yanakimbizana na saa moja. Tulipima miezi baadaye, wote salama, lakini ile ilikuwa bahati, sikuwa nimefanya lolote la kuistahili.

Na kama ulilazimishwa, mdogo wangu, dada yangu, tafadhali nenda hospitali kwanza kabla ya kuoga ukiweza, mwambie yeyote utakayemkuta pale kwamba umebakwa, utapewa hiyo PEP na ya kuzuia mimba na utibiwe, na polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Hata ukiwa umeshaoga nenda. Hata ikiwa ni mtu unayemjua nenda.

Mwaka juzi, Jumatatu saa moja asubuhi, mdogo wangu ambaye yuko chuo akanipigia. Ana miaka 21. Akaanza kuzunguka, dada umeamkaje, mtoto hajambo, eti dada rafiki yangu ana shida. Nikamwambia rafiki yako alikutana na mtu lini? Kimya. Akasema Alhamisi usiku. Saa ngapi? Kama saa nne hivi. Nikahesabu kwa vidole pale jikoni, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili saa nne usiku ndo 72, mpaka saa hizi ni masaa 81. Nikamwambia mwambie rafiki yako P2 bado inaweza kusaidia mpaka siku ya tano ila imeshapungua nguvu, na kwa kitanzi ana mpaka kesho saa nne usiku, na rafiki yako avae sketi aje hapa sasa hivi tunaenda wote.

Alikuja ndani ya saa moja. Macho yamevimba, amevaa sketi.

Kituoni tulipanga foleni na wamama wenye watoto wa kupimwa uzito. Nilimuona anavyojikunja kwenye benchi kila mtu akipita, ni mimi yule wa duka la dawa Mwenge kabisa, kwa hiyo nikambebesha mwanangu mapajani akae kama wengine. Nesi alikuwa kijana tu, akamuita ndani, akafunga mlango kwanza ndo akamuuliza. Akampima mkojo kuhakikisha hana mimba tangu zamani, akamuuliza kuhusu uchafu na maumivu, akampima VVU. Kuhusu PEP akasema masaa 72 yameshapita, tarehe ya kurudi kupima tena ni hii. Akamuonyesha kitanzi chenyewe kabla ya kukiweka, kidogo, umbo la T, kina uzi na waya mwembamba wa shaba umezungushwa kwenye kishina chake, akamuachia akishike. Mdogo wangu akasema mbona kadogo hivi.

Aliniomba niingie naye. Kuweka ni dakika chache, alinibana vidole mpaka kucha zikaingia, kulikuwa na sekunde moja ambayo alisema aaah kwa nguvu, afu ikaisha. Nesi akamwambia siku hizi mbili tatu tumbo litakukaba, na miezi ya mwanzo utableed zaidi, ukiona homa, maumivu makali au usaha usisubiri, rudi. Na siku ukitaka kukitoa kinatoka na unabeba mimba kama kawaida. Akamwandikia tarehe kwenye kadi.

Kwenye bajaji kurudi ameegemea bega langu ameishika ile kadi mkononi, hajaiweka kwenye pochi. Akaniuliza mama atajua? Nikamwambia ukimwambia. Akanyamaza mpaka Relini, afu akasema dada, wewe uliniuliza lini na saa ngapi, hukuniuliza ni nani. Nikamwambia ni nani utaniambia ukitaka, tukishakula. Tukashuka kununua chipsi mayai, mwanangu akadai na soda, tukaenda kulala wote watatu kwenye kitanda changu saa saba mchana na chupa ya maji ya moto tumboni kwake.